Uchakachuaji wa Makadirio katika Uhasibu wa Gharama za Mchakato: Suala la Maadili kwa Viwanda vya Mwanza na Mwambao wa Ziwa Viktoria

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna makadirio ya gharama yanavyoweza kuchakachuliwa katika viwanda vinavyozalisha bidhaa kwa hatua zinazofuatana, na wajibu wa kimaadili wa mhasibu anayetakiwa kushiriki katika jambo hilo. Mjadala umejikita katika aina mbili za viwanda zinazofahamika mkoani Mwanza, yaani viwanda vya pamba na nguo na viwanda vya minofu ya sangara. Kwa kutumia mfano wa hesabu, makala yanaonesha kuwa kupandisha kiwango cha ukamilifu wa kazi isiyokamilika hakutengenezi faida, bali hukopa faida ya mwezi unaofuata, na kwamba deni hilo huweza kushindwa kulipika ndani ya mwezi mmoja tu. Makala yanahitimisha kuwa mpaka kati ya kukadiria na kuchakachua haumo katika ukubwa wa kosa la namba, bali katika mpangilio: je, namba ilitangulia faida, au faida ndiyo iliyotangulia namba?

1.0 Utangulizi

Kwa zaidi ya miaka mitano, abiria aliyesubiri kivuko katika kijiji cha Kigongo, wilayani Misungwi, aliweza kulitazama daraja likikua juu ya Ghuba ya Mwanza. Jiwe la msingi liliwekwa mwezi Desemba 2019, na daraja hilo la kilomita 3, ambalo leo huitwa Daraja la J.P. Magufuli, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Katika kipindi chote hicho asilimia za ukamilifu wa kazi zilitangazwa mara kwa mara. Abiria hakuwa mhandisi, lakini nguzo zilikuwa mbele ya macho yake. Endapo angeambiwa kuwa daraja limekamilika kwa asilimia 90 ilhali anaona maji matupu kati ya Kigongo na Busisi, angeuliza.

Viwandani pia zipo asilimia za ukamilifu, lakini hazina abiria wa kuzitazama. Mwisho wa kila mwezi, kiwanda cha nguo huwa na maelfu ya meta za kitambaa kilichofumwa lakini hakijatiwa rangi, na nyuzi zilizosokotwa lakini hazijafumwa. Mhasibu hulazimika kuandika kuwa kazi hiyo imefikia asilimia fulani. Namba hiyo haitoki katika ankara, stakabadhi wala taarifa ya benki. Hutoka katika kauli ya mtu. Hata hivyo, kutokana nayo hupatikana gharama ya bidhaa, thamani ya mali iliyopo ghalani, faida ya mwezi, kodi ya mwaka na, katika viwanda vingi, marupurupu ya meneja.

Makala haya yanaichunguza namba hiyo pamoja na makadirio mengine yanayofanana nayo. Mfano wa kiwanda uliotumika katika sehemu ya tatu umebuniwa kwa ajili ya ufafanuzi, na hauhusu kiwanda chochote kilichopo.

2.0 Dhana za Msingi

Uhasibu wa gharama za mchakato hutumika pale ambapo bidhaa zinazofanana huzalishwa kwa wingi kupitia hatua zinazofuatana, kiasi kwamba haiwezekani kufuatilia gharama ya bidhaa moja moja. Pamba huchambuliwa, husokotwa kuwa nyuzi, hufumwa, hutiwa rangi na kumaliziwa. Sangara hupokelewa na kupimwa, huoshwa, hukatwa minofu, hutolewa ngozi, hugandishwa na kufungashwa. Gharama zote za hatua moja hukusanywa, kisha hugawanywa kwa kazi iliyofanyika katika hatua hiyo.

Ugumu upo katika kuipima kazi hiyo. Meta 20,000 za kitambaa zilizofikia nusu ya hatua haziwezi kuhesabiwa sawa na meta 20,000 zilizokamilika. Kwa sababu hiyo wahasibu hutumia vizio linganifu, yaani idadi ya bidhaa kamili ambazo zingepatikana kama kazi yote iliyofanyika ingeelekezwa kwenye bidhaa kamili tu. Meta 20,000 zilizofikia asilimia 50 ni sawa na vizio linganifu 10,000.

Gharama zenyewe huwekwa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni malighafi, ambayo aghalabu huingizwa mwanzoni mwa hatua na hivyo huwa kamili kwa asilimia 100 hata kama kazi haijaisha. Fungu la pili ni gharama za ugeuzaji, yaani ujira wa wafanyakazi wa uzalishaji pamoja na gharama za jumla za kiwanda kama vile umeme, maji na uchakavu wa mitambo. Fungu hili la pili ndilo linalotegemea makadirio ya ukamilifu, na ndiko uchakachuaji unakopata mlango.

3.0 Mfano wa Kiwanda cha Nguo

3.1 Mwezi wa kwanza

Tuchukulie kuwa kiwanda kimeanza mwezi bila kazi yoyote iliyobaki. Kimeanzisha meta 100,000 za kitambaa; meta 80,000 zimekamilika na zote zimeuzwa kwa Sh. 2,600 kwa meta. Meta 20,000 bado zipo kwenye mitambo. Malighafi imegharimu Sh. 150,000,000 na ugeuzaji Sh. 90,000,000, jumla Sh. 240,000,000. Mapato ya mauzo ni Sh. 208,000,000. Jedwali la 1 linaonesha matokeo ya makadirio matatu tofauti ya ukamilifu wa meta zilizobaki.

*Jedwali la 1: Athari ya kiwango cha ukamilifu kwa faida ghafi*

| Kipengele | Asilimia 25 | Asilimia 50 | Asilimia 80 |
|---|---|---|---|
| Vizio linganifu vya ugeuzaji (meta) | 85,000 | 90,000 | 96,000 |
| Gharama ya ugeuzaji kwa meta (Sh.) | 1,058.82 | 1,000.00 | 937.50 |
| Gharama ya meta zilizouzwa (Sh.) | 204,705,882 | 200,000,000 | 195,000,000 |
| Gharama iliyobaki katika kazi isiyokamilika (Sh.) | 35,294,118 | 40,000,000 | 45,000,000 |
| Faida ghafi (Sh.) | 3,294,118 | 8,000,000 | 13,000,000 |

Tuseme ukweli ni asilimia 50. Faida halali ni Sh. 8,000,000. Meneja anayetaka marupurupu, au mmiliki anayeomba mkopo benki, akimshawishi mhasibu aandike asilimia 80, faida hupanda hadi Sh. 13,000,000, ongezeko la asilimia 62.5. Hakuna meta hata moja iliyoongezwa, hakuna mteja mpya, na hakuna shilingi iliyookolewa. Gharama ya Sh. 5,000,000 imehamishwa tu kutoka kwenye bidhaa zilizouzwa na kufichwa kwenye bidhaa zilizobaki.

Uchakachuaji huweza pia kuelekea upande wa pili. Mmiliki anayetaka kupunguza kodi ya mapato anaweza kudai kuwa kazi imefikia asilimia 25 tu. Faida hushuka hadi takriban Sh. milioni 3.3, na mali iliyopo ghalani huonekana ndogo kuliko ilivyo. Katika hali zote mbili jumla ya gharama inabaki Sh. 240,000,000, na vitabu vinalingana. Mkaguzi anayetafuta hesabu zisizolingana hatapata kitu.

3.2 Mwezi wa pili

Vitabu vingi vya kiada huishia hapo, ingawa funzo kubwa lipo mbele kidogo. Tuchukulie kuwa mwezi wa pili mwenendo wa kiwanda haukubadilika: kinaanzisha meta 80,000 kwa malighafi ya Sh. 120,000,000, kinakamilisha na kuuza meta 80,000, na kinabakiwa na meta 20,000 zilizofikia asilimia 50. Gharama za ugeuzaji za mwezi ni Sh. 80,000,000. Kwa njia ya wastani, kiwanda kilichosema kweli mwezi wa kwanza kitaingiza ugeuzaji wa Sh. 10,000,000 kutoka mwezi uliopita, na kitapata tena faida ya Sh. 8,000,000.

Kiwanda kilichoandika asilimia 80 kitaingiza Sh. 15,000,000. Jumla ya ugeuzaji itakuwa Sh. 95,000,000. Mhasibu akisema kweli mwezi huu, gharama itakuwa takriban Sh. 1,055.56 kwa meta, na faida itaporomoka kutoka Sh. milioni 13 hadi takriban Sh. milioni 3.6. Tazama mtego uliopo: siku mhasibu anaporudi kwenye ukweli ndiyo siku anayoonekana ameharibu kazi. Ripoti yake sahihi inabeba mzigo wa ripoti ya uongo iliyoitangulia.

Je, anaweza kuendelea na uongo? Akiandika kuwa meta zilizobaki zimekamilika kwa asilimia 100, yaani kiwango cha juu kabisa kinachowezekana, gharama ya ugeuzaji itakuwa Sh. 950 kwa meta na faida itafikia Sh. 12,000,000. Hata kwa kutumia nafasi yote iliyopo hawezi kurudia Sh. milioni 13 za mwezi uliopita. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hapa urefu wake unaweza kupimwa. Ni mwezi mmoja. Baada ya hapo, aliyekwishazoea kuonesha faida hiyo atalazimika kutafuta hila nyingine, na iliyo karibu zaidi ni kuandika meta zisizokuwapo. Ndivyo kosa lililoanza kwa jina la "makadirio" linavyogeuka kuwa ulaghai wa wazi.

4.0 Makadirio katika Viwanda vya Minofu ya Sangara

Kiwanda cha samaki hakikai na kazi isiyokamilika kwa muda mrefu, kwa kuwa samaki huharibika. Makadirio yanayoweza kuchakachuliwa huko ni ya aina nyingine, na matatu kati yake yanastahili kuangaliwa.

La kwanza ni upotevu. Sehemu kubwa ya uzito wa sangara haiwi minofu, na barafu iliyoyeyuka pamoja na maji yanayochuruzika hupunguza uzito tangu mwaloni hadi kwenye mizani ya kiwanda. Upotevu huu wa kawaida hubebwa na gharama ya minofu iliyo nzuri. Kinyume chake, Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 2 kinataka upotevu usio wa kawaida, kwa mfano samaki walioharibika kwa sababu ya hitilafu ya mitambo ya baridi au walioibwa, uondolewe moja kwa moja katika faida ya kipindi husika. Anayepanua tafsiri ya "kawaida" hufunika uzembe na wizi kwa blanketi la mchakato.

La pili ni gharama za kudumu wakati kiwanda hakifanyi kazi ipasavyo. Viwanda vya Mwanza vinalijua jambo hili. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Viktoria kutokana na hofu ya matumizi ya sumu katika uvuvi, mitambo ilikosa kazi. Kupungua kwa sangara ziwani nako kumeviacha viwanda vikipokea samaki wachache kuliko uwezo wake. Kiwango hicho cha uhasibu kinaelekeza kuwa gharama za kudumu zigawanywe kwa kuzingatia uwezo wa kawaida wa uzalishaji. Sehemu isiyofyonzwa kwa sababu mitambo imelala haitakiwi kurundikwa kwenye minofu iliyopo ghalani. Meneja anayechagua "uwezo wa kawaida" mdogo kupita kiasi huihifadhi hasara ndani ya jokofu, na kuionesha kuwa ni mali.

La tatu, na pengine lenye uzito zaidi kwa jamii ya mwambao, ni thamani ya mazao ya pembeni. Baada ya minofu kuondolewa hubaki mapanki, ngozi, mafuta na mabondo. Kanuni ya kawaida ni kwamba zao la pembeni lenye thamani ndogo hupimwa kwa bei linayoweza kuuzwa baada ya kuondoa gharama za kuliuza, na kiasi hicho hupunguzwa kutoka gharama ya zao kuu. Kanuni hiyo inayafaa mapanki. Mabondo, kwa upande wake, huuzwa kwa bei kubwa katika masoko ya Asia, hususani China, na si rahisi tena kuyaita mabaki. Yanapofikia thamani hiyo yanapaswa kuhesabiwa kuwa zao kuu mojawapo na kubeba sehemu yake ya gharama ya samaki.

Endapo mabondo yataandikwa kwa thamani ndogo, au yatauzwa nje ya vitabu, gharama yote ya sangara itaelemea minofu. Hapo kiwanda kinaweza kumwonesha wakala na mvuvi karatasi iliyojaa namba na kusema: gharama ziko juu, bei ya mwaloni haiwezi kupanda. Mvuvi hana namna ya kuikagua karatasi hiyo. Makadirio yaliyofanyika katika ofisi ya uhasibu yameshusha kipato chake, na huenda asijue kamwe kuwa yalifanyika.

5.0 Funzo kutoka Toshiba

Inaweza kudhaniwa kuwa hila hizi ni za viwanda vidogo visivyo na mifumo. Mfano wa kampuni ya Toshiba ya Japani unaondoa dhana hiyo. Mwezi Julai 2015 kamati huru ya uchunguzi ilieleza kuwa kampuni hiyo ilikuza faida yake kwa takriban yen bilioni 152 katika kipindi cha takriban miaka saba kuanzia mwaka wa fedha 2008. Mkurugenzi mtendaji, Hisao Tanaka, alijiuzulu mwezi huohuo.

Mambo mawili katika taarifa hiyo yanahusiana moja kwa moja na makala haya. Kwanza, katika miradi ya ujenzi na mitambo iliyohesabiwa kwa asilimia ya ukamilifu, jumla ya gharama zilizotarajiwa ilikadiriwa chini ya ukweli, hivyo mapato yakatambuliwa mapema na hasara zikacheleweshwa. Pili, katika biashara ya semikondakta, namna tofauti za gharama zilivyogawanywa kati ya hatua ya mwanzo na hatua ya mwisho ya utengenezaji iliacha gharama kubwa mno kwenye bidhaa zilizobaki ghalani. Hili ni tendo lilelile la kiwanda chetu cha mfano: gharama iliondolewa kwenye bidhaa zilizouzwa na kufichwa kwenye zilizobaki.

Kamati ilibainisha pia chanzo cha kibinadamu. Viongozi wa juu waliwapa wakuu wa idara malengo makali ya faida yaliyoitwa "changamoto", aghalabu zikiwa zimebaki siku chache kabla ya kipindi kufungwa, katika utamaduni ambao mtumishi hakuweza kumpinga mkubwa wake. Katika siku hizo chache haiwezekani kuongeza mauzo wala kupunguza gharama halisi. Kinachoweza kubadilika ni makadirio peke yake.

6.0 Mpaka kati ya Kukadiria na Kuchakachua

Kukosea katika makadirio si dhambi ya kitaaluma. Msimamizi mwaminifu anaweza kusema asilimia 50 kumbe ni 56. Kwa hiyo ukubwa wa kosa hautoshi kuwa kipimo cha maadili. Makala haya yanapendekeza kipimo cha mpangilio. Katika makadirio halali, mtu huangalia kitambaa, hutaja asilimia, kisha faida hujulikana. Katika uchakachuaji, faida inayotakiwa hutajwa kwanza, kisha asilimia hutafutwa ya kuifikia. Namba ya mwisho inaweza kuwa ileile. Tendo si lilelile.

Kipimo hiki kinaafikiana na kanuni za maadili zinazoisimamia taaluma. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, inawataka wanachama wake kufuata misingi mitano inayotambulika kimataifa: uadilifu, kutopendelea, umahiri na uangalifu stahiki, usiri, na mwenendo wa kitaaluma. Mhasibu anayekubali asilimia aliyoletewa na meneja amevunja uadilifu kwa kuhusishwa na taarifa anayojua kuwa inapotosha, na amevunja msingi wa kutopendelea kwa kuruhusu shinikizo lishike nafasi ya uamuzi wake.

Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba mhasibu ni mwajiriwa na ana familia. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mhasibu kijana katika kiwanda chenye meneja mmoja na mmiliki mmoja hana kamati ya ukaguzi ya kukimbilia. Ndiyo maana hatua za kujilinda huanza mapema na kwa utulivu: kuomba maelekezo kwa maandishi, kuweka kumbukumbu ya asilimia iliyotajwa na msimamizi wa uzalishaji, kulifikisha suala kwa ngazi ya juu, kumweleza mkaguzi wa nje na kutafuta ushauri wa Bodi. Msingi wa usiri haumlazimishi kushiriki katika uongo, na Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 imeweka njia ya kuwasilisha taarifa kwa mamlaka husika. Njia zote zikiziba, kukataa kutia saini kunabaki kuwa haki yake ya mwisho.

7.0 Mapendekezo

Kwa kuwa tatizo ni la mpangilio, tiba nayo ianzie hapo. Kiwango cha ukamilifu kitajwe na watu wa uzalishaji, kwa kutumia jedwali la hatua lililokubaliwa mapema (kwa mfano, kitambaa kilichofumwa bila kutiwa rangi kihesabiwe kwa asilimia isiyobadilika), na kiandikwe na kutiwa saini kabla gharama za mwezi hazijajumlishwa. Asiyejua faida itakuwa kiasi gani hawezi kuipikia namba.

Mhasibu alinganishe asilimia za miezi mfululizo na kuomba maelezo zinaporuka. Mkaguzi wa nje asiishie kuhesabu meta ghalani, bali arudi nyuma kutazama kama makadirio ya mwaka uliopita yalithibitishwa na yaliyotokea. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi wa makadirio kinamtaka afanye hivyo. Katika viwanda vya samaki, mabondo yapimwe kwenye meza ya kukatia minofu, kabla hayajaondoka machoni pa watu wengi, na yawe na akaunti yake. Mwisho, marupurupu ya meneja yasifungwe kwenye faida ya mwezi mmoja, kwa sababu faida ya mwezi mmoja, kama ilivyooneshwa, inaweza kukopwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa katika uhasibu wa gharama za mchakato kuna namba zisizo na ushahidi mwingine isipokuwa uaminifu wa anayezitaja. Kuzichakachua hakuongezi mali ya kiwanda. Huhamisha gharama kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine, kutoka bidhaa moja kwenda nyingine, na hatimaye kutoka mfuko wa mwenye nguvu kwenda mfuko wa asiye nayo, awe mwanahisa, benki, serikali au mvuvi wa mwaloni. Daraja la Kigongo lilikuwa na mashahidi kila kivuko kilipovuka. Kazi isiyokamilika ndani ya kiwanda ina shahidi mmoja, naye ni mhasibu.